Kidonda Kilichofunguliwa Kila Asubuhi

"Bibi, mbona unakifungua kila siku?"

Aliyeuliza ni Leticia, na wakati huo meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo maneno yalitoka yamechanganyika na upepo. Alikuwa amechuchumaa mlangoni kwa bibi yake, mtaa wa Mshangano, Songea, anaangalia mguu wa baba yake mdogo ulionyooshwa juu ya kigoda. Bibi Lidwina alimwambia akaangalie kama kuku hawajaingia kwenye mahindi aliyoanika. Leticia akaenda, hakuona kuku, akarudi. Akakuta kazi imeshaanza, na baba yake mdogo ameuma pindo la shati.

Lidwina alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Romanus, ndiye baba yake Leticia, mwalimu wa shule ya msingi aliyejenga uani kwa mama yake. Mdogo ni huyo Aidan mwenye kidonda. Lakini ukiuliza watu wa Mshangano habari za Lidwina, walianza na usafi wake kabla hawajafika kwenye watoto. Uwanja wake ulifagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana kama imechorwa. Sufuria zake zilisuguliwa kwa mchanga na majivu, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyefua vitambaa vya altare vya parokia, akivipiga pasi ya mkaa huku akisali. Wanawake wenzake walimtania kwamba ukimrudishia sufuria uliyoazima, anaisugua tena hapo hapo mbele yako ili ujue ulivyoisugua vibaya. Yeye alicheka, kisha akaisugua.

Aidan aliondoka nyumbani ilipovuma habari ya mawe ya thamani kule Tunduru. Kabla ya hapo alikuwa akipata vibarua vya kupakia tumbaku kwenye maghala ya ushirika, lakini ushirika ulikuwa umelegea, maghala yanafungwa moja baada ya jingine, na redio ilisema kwamba sasa kila mtu yuko huru kufanya biashara. Vijana wakaona uhuru wao uko chini ya ardhi, wakaufuata na sululu. Mama yake alimfungia unga na karanga za kukaanga, akamwambia anawe mikono kabla ya kula. Ndilo la mwisho alilomwambia, anawe mikono.

Alirudi juu ya lori, kalala kwenye magunia. Ukingo wa shimo ulikuwa umeporomoka, na jiwe likamchana muundi, pale mbele ya mguu ambapo ngozi imelala karibu kabisa na mfupa. Wenzake walikuwa wamemfunga kwa shati. Lidwina alipolifungua lile shati akaona udongo wa Tunduru umo ndani ya nyama ya mtoto wake, hakulia. Alikwenda kuteka maji.

Katika nyumba nyingi za huko, kidonda kilihesabiwa kuwa kisafi pale kilipotoa damu mbichi. Ukikiosha, ukakisugua, damu nyekundu ikachuruzika, unashusha pumzi, unajua uchafu umetoka. Lidwina ndivyo alivyofanya, na mwanzoni alifanya vema, maana ule udongo ulipaswa kutoka. Tatizo ni kwamba hakuacha. Kila asubuhi alichemsha maji ya chumvi. Alikibandua kitambaa kilichokuwa kimekaukia kwenye kidonda, kikatoka na chochote kilichoota usiku ule. Akachukua brashi ndogo, ile aliyokuwa akisugulia kola za mashati, akasugua mpaka damu ikaja. Akamimina spiriti. Mwisho akafungua vidonge vya rangi mbili, vile vya unga ndani ya maganda, akanyunyiza unga wake juu mpaka kidonda kikawa kama kimepakwa chokaa.

Vidonge alivinunua kwa Daimu, Myao wa Tunduru aliyefungua duka la dawa karibu na stendi, siku hizo maduka ya namna hiyo yalipokuwa yakiota kila pembe ya mji. Daimu hakuwa daktari na hakudai kuwa daktari. Alikuwa mcheshi, akimwona Lidwina anakuja anamwuliza kama leo amekuja kunawa au kununua. Kuhusu kidonda alisema inshallah kitapona, akampa na pamba ya nyongeza.

"Inauma?" Lidwina alimwuliza mwanawe kila asubuhi.

"Inauma, mama."

"Basi inafanya kazi."

Mvua zikaja, mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, na kidonda bado kipo. Kikawa na kingo ngumu kama mdomo wa chungu. Kidonda cha namna hiyo watu hukiita kidonda ndugu, kwa sababu kinahamia kwako kama jamaa asiyeondoka. Aidan alikonda. Alikuwa kijana wa mizaha, anayeweza kumwigiza padri mpaka padri mwenyewe akacheka, lakini sasa mizaha yake ilikuwa ya kusema tu kwamba ule mguu ungekuwa ng'ombe angeshauuza.

Romanus ndiye aliyechoka kwanza. Alimpakia mdogo wake kwenye gari la mtu, wakaenda hospitali ya misheni, na Lidwina nyuma yao amebeba beseni lake mwenyewe. Daktari alikiangalia kidonda kwa muda mrefu. Alisema mfupa bado haujaguswa, ila uko jirani mno. Ukiguswa, mguu utakatwa. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na tangu hapo nyumba nzima haikuwa na jambo lingine la kufikiria.

Muuguzi wa wodi ile aliitwa Tumpe, msichana wa Mbeya, mgeni Songea, mwenye kucheka hata pasipo na cha kuchekesha. Alikiosha kidonda kwa maji tu, taratibu, akakiwekea kitambaa cha shashi kilichopakwa vaselini, akakifunga, akasema basi. Lidwina alisubiri brashi. Alipoona haiji, akauliza kama wamemaliza chumvi.

Tumpe akamkalisha kwenye benchi la nje. Maneno aliyomweleza siku ile yalirudiwa mara nyingi baadaye katika familia ile, kila mtu kwa namna yake, lakini kiini chake kilikuwa hiki.

"Mama, msiba ukitokea Mshangano, watu wanajuaje?"

"Si mtu analia. Jirani anasikia, naye anapiga yowe, mwingine anasikia."

"Wanakuja wote kwa pamoja?"

Hapana, Lidwina alisema. Wanakuja kwanza wa kulia na wa kushika maiti. Halafu vijana wa jembe. Halafu wanawake wenye unga na kuni. Kila kundi linajua zamu yake.

Tumpe akamwambia kwamba ngozi nayo iko hivyo. Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo hazina masikio, lakini zinasikilizana. Ngozi ikichanika, chembe za damu zinazogandisha damu zinamwaga ujumbe pale pale, ujumbe wa majimaji, sio wa sauti. Chembe nyeupe zinaupata, zinakuja mbio, zinakula vijidudu na uchafu. Hao ndio wa kwanza. Wakishasafisha, wao wenyewe wanageuza maneno: waliokuwa wakiita wapiganaji sasa wanaita mafundi. Mafundi wanafika, wanasuka nyuzi za kujaza shimo, na mishipa myembamba ya damu inachipua kuwafuata ili wapate chakula. Kisha chembe za ngozi zilizoko ukingoni zinatambua kwamba upande mmoja hazina jirani. Kwa kukosa jirani huko, zinaanza kutambaa. Zinatambaa juu ya unyevu, kutoka kingo zote, mpaka zikutane katikati. Zikigusana tu, zinaambiana tumefika, zinasimama.

Lidwina aliuliza ni nani anayezisimamia.

"Hakuna, mama. Zinaambiana tu."

Ilikuwa habari ya kushangaza kweli, kwamba ndani ya mguu wa mtu kuna kuitana kote huko na mwenye mguu hasikii kitu, amekaa anakula ugali. Hata Aidan, aliyekuwa kitandani karibu na dirisha, aliinua kichwa na kuutazama mguu wake kama anautazama kwa mara ya kwanza.

"Sasa wewe," Tumpe akaendelea, na hapo hakucheka, "kila asubuhi unapiga yowe upya. Damu ikitoka upya, wanaofika ni wale wale wa kwanza. Wanakuja kulia na kupigana. Mafundi wakikanyaga tu mlangoni, spiriti inawaua. Na yale majimaji unayofuta ndiyo yanayobeba ujumbe. Kidonda chako kiko kwenye siku ya kwanza ya msiba tangu kabla ya mvua."

Lidwina alitazama mikono yake. Akauliza kama basi aende nyumbani. Tumpe akamwambia akae, amsaidie mwanawe kula.

Zikapita wiki. Kitambaa kilibadilishwa kwa nadra, kwa upole, na kila kilipofunguliwa kingo zile ngumu zilikuwa zimelainika. Chini ya kidonda nyama ikaota, nyekundu, yenye punjepunje. Aidan akaanza tena kumwigiza padri, akamwongeza na daktari. Tumpe alipowaruhusu kwenda nyumbani alimshika Lidwina mkono, akamweleza kila kitu polepole. Kitambaa kisifunguliwe mpaka siku ya kliniki. Kitakuwa na unyevu, na unyevu ule una harufu yake, isimtishe. Kama Aidan akipata homa, waje hata kama sio siku yake. Kama hana homa, mguu uachwe.

Lidwina alijitahidi, na haifai mtu aseme kwamba hakujitahidi. Brashi aliihamishia kwa Romanus. Asubuhi, mikono ilipokosa kazi, alifua. Alifua mashuka yaliyokuwa safi, akafua mapazia, akavirudia vitambaa vya altare mpaka katekista akamwuliza kama kuna askofu anakuja. Leticia alikuwa anamwona anasimama mlangoni kwa Aidan, anaangalia kile kitambaa, anaondoka, anarudi.

Ikawa siku ya jumuiya. Wanajumuiya walikuja kusali nyumbani kwa mgonjwa kama ilivyo desturi, wakajaa kwenye kile chumba, akina mama kwenye mkeka na wazee wawili kwenye viti. Huko kwao, kumjulia hali mtu mwenye kidonda ni pamoja na kukiona. Ukimaliza rozari unasema tuone basi kinavyoendelea, na mwenye nyumba anafunua, na nyote mnapiga ulimi kwa huruma. Lidwina akawaambia hospitali wamekataza. Wakatazamana. Chumba kilikuwa na joto, dirisha limefungwa kwa sababu ya upepo, na harufu ilikuwepo, ile ambayo Tumpe aliisema.

Hakuna aliyesema neno baya. Mama mmoja alijipepea tu kwa kitabu cha sala, na mwingine akauliza kwa upole kama kile kitambaa kina muda mrefu. Waliondoka, wakaacha sukari na sabuni. Sabuni ndiyo iliyomchoma Lidwina. Yeye aletewe sabuni.

Alikaa kidogo uani. Kisha akaenda kuwasha moto, akateleka maji, akatia chumvi.

Aidan alipomwona anaingia na beseni alijivuta hadi ukutani. "Mama, Tumpe alisema."

"Tumpe hakukuzaa."

"Mama, sina homa. Nishike, sina homa."

Alimshika paji la uso, kweli lilikuwa la baridi. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshaanza kulegeza bandeji. Romanus alikuwa shuleni na brashi ilikuwa kwake, kwa hiyo alichukua kitambaa kigumu cha gunia. Aidan angeweza kuuzuia mkono wake. Alikuwa mwanamume mzima, na nguvu zilikuwa zimemrudia. Hakuuzuia. Aligeuza uso ukutani, kama alivyozoea tangu utoto kugeuza uso mama yake akimwosha masikio.

Chini ya shashi kulikuwa na kitu ambacho Lidwina hakuwahi kukiona. Kidonda kilikuwa kimefunikwa karibu chote na utando mwembamba, wa waridi, unaong'aa, wenye utelezi, mfano wa ule utando unaokaa juu ya uji ukipoa. Katikati tu ndipo palipokuwa pamebaki tundu dogo, kama harage. Alichojua yeye ni kwamba utelezi juu ya kidonda ni usaha unaoanza. Akausugua. Ulitoka kirahisi sana, akashukuru kwamba amewahi. Damu mbichi ikaja, nyekundu, safi. Akashusha pumzi.

Ule utando ndio uliokuwa ngozi. Zile chembe zilikuwa zimetambaa kutoka kila upande, zimebakiza upana wa harage kukutana.

Homa ilianza kabla ya siku ya kliniki. Mguu ulivimba, ukawa wa moto, ukang'aa, na Aidan akaanza kuongea na watu wa shimoni. Walipofika hospitali, Tumpe alifungua, akatazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mlikiosha na nini, mama?" Lidwina akamwambia ukweli: maji ya chumvi, na gunia. Tumpe akauliza kwa nini. Lidwina akaanza kuikunja ile bandeji iliyofunguliwa, pindo juu ya pindo. Tumpe alikwenda kumwita daktari, na njiani alisimama mahali akapangusa macho kwa mkono wa gauni lake.

Mfupa ulikuwa umeguswa. Mguu wa Aidan ulikatwa chini ya goti.

Kama angemlaumu mama yake, watu wangejua pa kuanzia kuwapatanisha. Hakumlaumu. Alimwamkia shikamoo kila siku kama kawaida, akala alichopika, akasema asante. Jambo moja tu alilomwomba Tumpe, tena aliliomba mama yake akiwa amesimama pale pale: kwamba wakati wa kusafisha kigutu, mama asiingie. Basi Lidwina alikaa kwenye benchi la nje, lile lile aliloelezewa habari za kuitana, akisikiliza kupitia dirishani maji yakimiminwa na mwanawe akicheka na muuguzi. Kigutu kilipona vizuri, taratibu, bila yeye.

Nyumbani Aidan alijiosha mwenyewe, mlango kaufunga. Mama yake aliacha maji ya moto nje ya mlango, akaondoka. Baadaye Aidan alirudi Tunduru na magongo yake, akaweka meza ya kuuzia tochi na betri kwa wachimbaji, akaoa huko. Salamu zake zilikuja kwa midomo ya madereva. Yeye mwenyewe alikuja kwa nadra, akakaa kwa Romanus, akavuka uani kumsalimu mama, akarudi kwa Romanus.

Lidwina alizeeka ghafla. Vitambaa vya altare alivipeleka kwa mama mwingine, vimekunjwa, na alipoulizwa alisema macho hayaoni tena madoa. Uwanja ukaota majani pembeni. Wale waliomtania kuhusu sufuria waliacha utani, na hilo lilimwumiza kuliko utani wenyewe.

Leticia akamaliza darasa la saba, akaenda sekondari. Likizo moja alirudi na kitabu cha biolojia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusimulia kila anachosoma, alimfuata bibi yake jikoni alikokuwa akipukuchua mahindi, akaanza kumweleza habari za seli za ngozi. Alisema zikikosa jirani zinatembea, na zikigusana zinasimama, na kwamba mpaka leo wataalamu wanaendelea kutafuta maneno yote zinayoambiana. Alieleza kwa furaha, mikono hewani. Katikati ya maelezo akakumbuka anaongea na nani, akaishusha mikono, akashika gunzi.

Bibi yake aliendelea kupukuchua. Punje zilianguka kwenye ungo. Gunzi lilipobaki tupu hakulitupa, alilishika tu.

"Uliniuliza mbona nakifungua kila siku, ukiwa huna meno," akasema. "Kabla ya baba yako nilimzaa Suzana. Alikuwa anatembea vizuri, anaongea, ananifuata shambani. Akakanyaga jembe. Tundu dogo tu, hapa chini ya wayo. Mama mkwe akalisindilia majani na majivu, akafunga kwa kaniki, akasema kisifunguliwe mpaka kipoe. Mimi nilikuwa bado mgeni pale nyumbani, mke mgeni hapingi, nikanyamaza. Nilikuwa nakaa naye nakiangalia kile kitambaa, natamani kukifungua, sikifungui. Baadaye taya zake zikafunga, mgongo ukapinda, hata maji hayapiti. Tulikifungua siku tuliyokuwa tunamwosha kumzika. Kulikuwa na udongo ndani, Leticia, udongo wa shamba langu. Basi mimi nikiona kitambaa kimekaa juu ya mguu wa mtoto wangu, mkono unakwenda wenyewe. Ukimwona baba yako mdogo, mwambie wewe. Mimi nikisema ataona najitetea."